Tuwaulize Wanaonaje

Mgeni anayekwenda kumjulia hali mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, hapa Dar es Salaam kama kwingineko, mara nyingi huanza na swali hili: "Bibi, unanikumbuka? Mimi ni nani?" Huuliza kwa mapenzi, tena huwa ameinama na kumshika mkono, lakini swali lenyewe ni mtihani, na anayeulizwa anajua kwamba ni mtihani. Akikosa, waliopo sebuleni wanatazamana. Akipatia, wanashangilia kupita kiasi, na shangwe hiyo nayo inamdhalilisha. Vyovyote iwavyo, mtu aliyekula chumvi nyingi, ambaye miaka michache nyuma ndiye aliyekuwa akiitwa kusuluhisha ugomvi wa mirathi na kuamua kama posa ipokelewe au irudishwe, ameondolewa katika nafasi ya mwamuzi na kuwekwa katika nafasi ya mtahiniwa.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiendesha, nikishirikiana na mwenzangu aliyesomea tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa ajimudu katika shughuli za kila siku, vikao vya kikundi vya watu wenye ugonjwa huu katika ukumbi mdogo tulioazimwa Magomeni. Watu wengi huniuliza tunafanya nini humo ndani, kwa kuwa wakipita nje husikia vicheko, nyimbo na wakati mwingine mabishano makali, mambo ambayo hawakuyatarajia kwa wagonjwa. Nimeona niandike kwa kirefu, hasa kwa ajili ya wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, na viongozi wa misikiti na makanisa ambao wangeweza kuanzisha kikundi kama hiki katika mitaa yao. Yote nitakayoyaeleza yamesimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba mtu aliyepungukiwa kumbukumbu bado ana maoni, na kikundi kinachoendeshwa inavyotakiwa humwomba mtu maoni yake na kuiacha kumbukumbu ije yenyewe ikipenda.

Utaratibu tunaoufuata ulitungwa Uingereza na Aimee Spector, Martin Orrell na wenzao, na sisi tumezoea kuuita tiba ya kuchangamsha ufahamu. Una vikao 14 vya takriban dakika 45, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 7, na kila kikao kina mada yake, kama vile chakula, utoto, fedha, sauti, nyuso na mandhari, au michezo ya maneno. Mwaka 2003 watafiti hao walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 201 waliokuwa wakiishi au kushinda katika vituo vya kulea wazee, na waliohudhuria vikao walionekana kuwa na ufahamu bora na maisha bora kuliko wenzao walioendelea na huduma za kawaida. Miongozo ya tiba ya Uingereza inaupendekeza utaratibu huu kwa watu ambao ugonjwa wao ni wa kiwango kidogo au cha kati.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya ughaibuni yasiyotuhusu. Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo ugonjwa huu umechunguzwa kwa makini sana. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 6 vya wilaya hiyo, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na ukakadiria kwamba katika kila wazee 100 wa umri huo, zaidi ya 6 wanao ugonjwa. Baadaye, hukohuko Hai, tiba ya kikundi ilirekebishwa ili ilingane na mazingira ya watu wasiojua kusoma na wenye macho na masikio hafifu, ikajaribiwa kwa watu 34, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba ufahamu wao uliongezeka na wasiwasi wao ukapungua. Kwa hiyo tunapokaa na wazee wetu Magomeni, tunatembea katika njia ambayo wenzetu wa hapahapa nchini wamekwisha kuifyeka.

Kabla ya mtu kuingia kikundini ni lazima awe ameonwa na daktari. Jambo hili silifanyii mzaha, kwa sababu familia nyingi hutujia zikiwa zimekwisha kujiamulia, nyingine zikisema "ni uzee tu", nyingine zikiamini kwamba mzee amerogwa na hivyo zimemaliza akiba yote kwa waganga. Uzee peke yake hausababishi ugonjwa huu. Unasababishwa na maradhi ya ubongo, ambayo linaloongoza ni lile lililopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyelieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906, na linalofuata ni madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, ambayo yana uhusiano mkubwa na presha, kisukari na kiharusi. Lakini kuna watu wanaosahau kwa sababu zinazotibika, kama upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, au damu iliyovilia ndani ya kichwa baada ya kuanguka. Na mzee aliyekuwa timamu juzi, kisha leo akaanza ghafla kuweweseka na kutotambua watu, huyo hana haja ya kikundi chochote. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia au ukosefu wa maji mwilini.

Ukumbi wetu hauna kitu cha fahari. Una viti vyenye mikono, kwa kuwa mzee huhitaji pa kujishikilia anapoinuka, na tunavipanga duara ili kila mtu amwone kila mtu. Hatuzidi wanakikundi wanane, na hatupendi wapungue watano. Tunakutana Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, wakati ambao foleni ya magari imepungua na joto halijawa kali. Mchana wa Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, unamchosha hata kijana, na mtu mwenye ugonjwa huu akichoka huchanganyikiwa zaidi. Tunazima feni zenye kelele, tunafunga dirisha la upande wa barabara, na mtu wa kwanza kuketishwa ni yule ambaye sikio lake moja ndilo linalosikia, ili sikio hilo lielekee kwetu. Miwani huulizwa mlangoni. Nimeona watu wakihesabiwa kuwa wameishiwa kabisa ilhali shida yao kubwa ilikuwa miwani iliyoachwa nyumbani.

Salamu ndiyo mlango wa kikao. Tunamwendea kila mmoja pale alipoketi, tunainama, tunamwamkia. Mzee mmoja, ambaye jina la kitinda mimba wake limekwisha kumtoka, hajawahi kuchelewa kuitikia "Marahaba", tena kwa mkokoto ule wa watu wa zamani, na baada ya hapo huuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi kwa mpangilio usiokosea. Mambo yaliyozoeleka tangu utotoni, ya ulimi na ya mikono, yamehifadhiwa mahali ambapo ugonjwa huchelewa kufika, na ndiyo maana tunaanzia hapo, mahali ambapo mtu bado anajiweza.

Lakini salamu hiyohiyo ndiyo iliyotupa swali gumu kuliko yote. Bibi mmoja alimtazama mwenzangu, mwanamke wa umri wa wajukuu zake, akanyanyuka kidogo kitini na kusema, "Shikamoo, shangazi." Binti yake aliyekuwa bado mlangoni aliona haya, akasema kwa sauti, "Mama, huyo ni mtoto wako kabisa!" na bibi akanywea. Nimeona jambo hili likijirudia katika familia nyingi, na karibu kila mara watu huchagua mojawapo ya njia mbili: ama kumsahihisha, ambako kunamfedhehesha, ama kuitikia na kujifanya kuwa huyo anayedhaniwa, ambako kwangu mimi ni kumchezea mtu mzima. Mwenzangu hakufanya lolote kati ya hayo. Alipiga goti, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo, bibi," naye bibi akaitikia bila kusita. Kisha akamuuliza, "Shangazi alikuwa mtu wa namna gani?"

Tulisikia habari za shangazi wa Kisiju aliyesuka ukili usiku kucha, aliyekuwa mkali kwa watoto wanaokula wamesimama, na aliyewahi kukataa kuolewa mara ya pili ingawa wazee walimshika sana. Bibi hakutuambia mwaka wala jina la mwanamume huyo, na hakuna aliyemuuliza. Tulichomuuliza ni kama anaona shangazi alifanya vyema kukataa. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba alifanya vyema, kwa kuwa mwanamke mwenye kazi yake ya mkono hana haja ya kuharakia mlango wa mtu. Wazee wawili wa kiume walimpinga, na kikao kizima kilichofuata kililipokea jambo hilo kwa mjadala ambao ungefaa kurushwa redioni. Tangu siku hiyo, mtu akinichukua kwa mtu mwingine, namwamkia kwa heshima inayomstahili, kisha namuuliza habari za huyo aliyemwona usoni pangu.

Baada ya salamu huja wimbo, ambao kikundi hujichagulia chenyewe katika kikao cha kwanza na kuurudia kila siku hadi mwisho. Kikundi pia hujipa jina lake. Letu silitaji hapa, kwa kuwa ni lao. Kisha tunarushiana mpira laini, na anayeudaka husema jambo analolipenda au asilolipenda. Halafu tunageukia ubao, ambao juu yake tumeandika siku, tarehe, mwezi, hali ya hewa na jina la mahali. Katika ubao wetu tumeongeza hesabu ya miezi ya Kiislamu kwa majina ya pwani, yaani Mfungo Mosi, Mfungo Pili na kuendelea, kwa sababu tuligundua kwamba wapo wazee wasiojua kama tuko Juni au Oktoba, lakini wakisikia kwamba ni Mfungo Tatu huanza mara moja kuhesabu siku za kwenda Hija. Hatumuulizi mtu leo ni siku gani. Tunausoma ubao kwa pamoja, kisha tunauliza, kwa mfano, kama mvua za vuli za siku hizi ni zilezile walizozijua. Hapo kila mtu ana la kusema.

Mada ya fedha inanipa furaha ya pekee. Mwongozo wa asili unapendekeza kujadili bei za vitu vya zamani na vya sasa, na sisi tuliitafuta njia yetu ya kuifanya. Kutoka kwa mchuuzi wa vitu vya kale na kwa ndugu mbalimbali tulikusanya sarafu zilizoanza kutumika baada ya Benki Kuu kufunguliwa mwaka 1966: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande wa pili. Tuliongeza senti kumi mbili za enzi ya Mwingereza, zile zenye tundu katikati. Tunaziweka kwenye sinia, tunalipitisha sinia taratibu, na hatusemi neno.

Mzee mmoja aliyekuwa kondakta wa mabasi ya UDA, mtu ambaye kwa vikao vitatu alikuwa ameketi akitazama sakafu, alitia mkono katika sinia, akachukua sarafu chache, akazipanga katika kiganja cha kushoto kwa ukubwa wake, kubwa chini na ndogo juu, kisha akazisukuma kwa kidole gumba moja baada ya nyingine bila kuzitazama. Zilitoa ule mlio ambao kila aliyepanda basi katika mji huu miaka hiyo anaujua. Watu watatu waliinua vichwa kwa pamoja. Bibi mmoja akasema, "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe!" na ukumbi mzima ukacheka, na kondakta akacheka pia. Hapo mwenzangu angeweza kuuliza nauli ya kutoka Kariakoo hadi Temeke ilikuwa senti ngapi, na kwa swali hilo angemrudisha mzee yule sakafuni. Alichouliza ni hiki: "Mzee, abiria akisema hana nauli, na mwanamke ana mtoto mgongoni, kondakta mwema afanye nini?" Jibu lilikuwa refu, lilikatika mara mbili, likapotea, likarudi, lakini lilikuwa jibu la mtu aliyelifikiria jambo hilo katika maisha yake na mwenye haki ya kulisemea. Alisema amwache apande, lakini asimwambie kwa sauti, maana basi zima litakuwa na watoto mgongoni.

Siku ya vitambaa tulileta khanga, baadhi mpya na baadhi zilizochakaa. Kati ya wanakikundi yumo mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China pale Ubungo. Sentensi zake siku hizi huishia njiani, na huko nyumbani wamezoea kumsemea. Alipopewa khanga hakulisoma jina la khanga, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Aliigeuza ndani nje, akausugua mji, yaani sehemu ya katikati, kwa kidole gumba na cha shahada, akaunyoosha pindo kuona kama maua yamekwenda sambamba, akainusa, akairudisha mezani. "Itachuja," alisema. Ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu akaishika kwa muda, akaiweka mapajani mwake na hakuirudisha, na sisi hatukumwomba. Wenzake wakaanza kumpelekea zao ili azikague, nao wakasubiri hukumu yake kwa utulivu ambao sijauona katika mafunzo mengi ya watu wazima niliyohudhuria. Niliwaomba wanawe waje kutazama kikao kilichofuata, maana kuna mambo ambayo muuguzi hawezi kuyaeleza kwa maneno yakaaminika.

Methali zinafaa sana, ingawa si kwa namna ambayo wengi wanaitarajia. Ukianza "haba na haba", hata mtu ambaye hazungumzi atakumalizia kwamba hujaza kibaba, na mwezeshaji mgeni hufurahia hilo akadhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Tulipotaja ile ya mgeni wa siku mbili ambaye ya tatu hupewa jembe, tuliuliza kama bado inafaa katika mji ambao hakuna mwenye shamba. Bibi mmoja akasema apewe ndoo akachote maji. Mwingine akasema mgeni wa siku hizi alipie umeme. Mzee wa tatu akasema methali yenyewe ni ya watu wachoyo, na kwao Rufiji mgeni hukaa mpaka msimu uishe. Vitendawili navyo tunavitega, lakini kwa uangalifu, kwa sababu kitendawili kina jibu moja, na chenye jibu moja kinaweza kumfedhehesha anayelikosa. Kwa hiyo huwa tunawaomba wao watutegee sisi.

Kuna mambo tunayoyapitia haraka. Michezo ya hesabu haijatupa mengi, na mijadala ya habari za siku huzaa matunda tu pale habari inapokuwa karibu, kama mafuriko ya Jangwani au mechi ya Simba na Yanga. Mada ya chakula ni nzuri wakati wote, na harufu ya hiliki na karafuu iliyosagwa papo hapo hufungua mazungumzo kuliko picha yoyote. Hapo mgogoro wa kudumu ni kama tui la kwanza litiwe wali ukianza kuchemka au ukikaribia kukauka, na sijawahi kuona suluhu.

Si kila siku huwa njema. Yupo anayeinuka katikati ya kikao na kusema kwamba anataka kwenda nyumbani kwa sababu mama yake anamsubiri. Kumwambia kwamba mama yake alifariki zamani ni kumfikishia msiba upya, na kila anaposahau na kuambiwa tena, msiba huwa mpya tena. Tunatoka naye hadi barazani, tunatembea, tunamuuliza mama amepika nini, na mara nyingi baada ya dakika chache hurudi mwenyewe kitini. Yupo pia aliyelia tulipozungumzia foleni za maduka ya ushirika za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sukari zilipokuwa adimu, kwa kuwa katika miaka hiyo alimzika mtoto. Hatukubadilisha mada kwa kishindo. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye, ambao hakuna hata mmoja kati yao angeweza kukuambia jina la Rais, walisogeza viti vyao, wakamshika mabega na kumwambia pole kwa maneno kamili ya matanga. Kikundi kilijua la kufanya kabla ya sisi wenye mafunzo.

Wanaowaleta wazee, ambao wengi wao ni mabinti, wakaza wana na dada wa kazi, wanahitaji sehemu yao katika maelezo haya. Mwanzoni walikuwa wakikaa nje kwenye benchi wakisubiri, na tukaona kwamba pale kwenye benchi palikuwa na kikundi cha pili kilichojiunda chenyewe. Walikuwa wakielezana jinsi ya kumwogesha mtu anayekataa kuoga, jinsi ya kuficha funguo, jinsi ya kujibu ndugu wa mbali anayepiga simu kutoa lawama bila kutuma hata nauli. Kulea mtu mwenye ugonjwa huu kunamchosha mlezi mwili na roho, na wapo waliokuwa hawajalala usiku mzima kwa wiki nyingi. Sasa mmoja wetu hutumia muda mfupi kukaa nao baada ya kikao, na jambo tunalolisisitiza ni lile la ndani ya ukumbi: wasiwape wazee mitihani, wawape nafasi ya kuamua. Mzee asiulizwe jana alikula nini. Aulizwe kama samaki wa leo anafaa kukaangwa au kupakwa nazi. Asiulizwe huyu mtoto ni nani, aambiwe, "Babu, mjukuu wako Juma amekuja, anataka kuacha shule ajifunze ufundi, wewe unaonaje?"

Kijana mmoja aliniuliza swali ambalo wengine huona haya kuliuliza. Alisema, "Dada, mama akifika nyumbani hakumbuki hata kwamba alikuja huku, sasa faida iko wapi?" Nililipokea swali hilo kwa uzito wake. Tiba hii haiponyi ugonjwa, na hakuna tiba iliyopo leo inayouponya. Utaendelea, na siku itafika ambapo mama huyo hataweza tena kukaa kikundini. Lakini tukio likisahaulika, hali ya moyo iliyoletwa nalo huweza kubaki kwa muda, na hilo si jambo ninalolisema kwa matumaini matupu, kwa kuwa walezi wenyewe ndio wanaotueleza kwamba siku za kikao mzee hula vizuri, na ile hali ya kuhangaika na kuzungukazunguka jua linapokuchwa hupungua. Zaidi ya hayo, dakika 45 alizozitumia akisikilizwa ni sehemu ya maisha yake hata kama hazikumbuki. Hakuna anayesema kwamba mtoto mchanga asibebwe kwa sababu hatakumbuka mgongo uliombeba.

Baada ya vikao 14 hatuwaachi. Huko Uingereza waliandaa pia vikao vya kuendeleza, mara moja kwa wiki kwa wiki 24 zaidi, nasi tumeufuata mpango huo kadiri ukumbi unavyopatikana. Gharama kubwa kwetu ni nauli, kwa sababu mzee asiyeweza kupanda daladala wala mwendokasi katika msongamano huhitaji bajaji ya kwenda na kurudi, na kwa familia nyingi za Magomeni, Manzese na Kigogo hiyo ni fedha ya mboga. Ndiyo sababu ningependa kila kata iwe na kikundi chake, ili watu waje kwa miguu. Wawezeshaji wawili waliofunzwa, chumba tulivu chenye choo kinachofikika, viti vyenye mikono na ubao vinatosha kuanza.

Mzunguko wetu ujao utaanza baada ya Idi, na safari hii kuna mada ya sauti ambayo tunataka kuiboresha. Tunatafuta redio ya zamani ya betri inayofanya kazi, kengele ya baiskeli ya miaka ya nyuma, kinu na mchi, jiwe la kusagia na cherehani ya mkono. Aliye navyo na yuko tayari kutuazima, tutavitunza na kuvirudisha, na akipenda kuja navyo mwenyewe akaketi nasi kikao kimoja, kiti kipo. Ila wanakikundi watamuuliza maswali kwanza, na ni wao watakaoamua kama redio yake ni nzuri.